Bibi Aliyehesabu Wafu

Florence Nightingale alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia, naye akaitwa kwa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri, na baba yake alimfundisha mwenyewe nyumbani. Mtoto huyu alipenda sana hesabu. Alipokua akataka kuwauguza wagonjwa. Wazazi wakakataa kabisa, kwa maana siku zile kazi hiyo ilidharauliwa. Akangoja miaka mingi, hata mwaka 1851 akaenda Ujerumani kujifunza.

Mwaka 1854 Waingereza na Wafaransa waliungana na Waturuki kupigana na Warusi. Askari wa Kiingereza waliojeruhiwa au kuugua walipelekwa kwa merikebu mpaka Scutari, ng'ambo ya Stambuli, wakalazwa katika kambi kubwa iliyogeuzwa kuwa hospitali. Bibi Nightingale akafika mwezi wa Novemba pamoja na wanawake 38. Akakuta wagonjwa wamelala sakafuni katika uchafu, na vyombo ni haba. Usiku alipita kati yao na taa mkononi, na askari wakampenda mno. Habari ya taa hiyo imeenea duniani kote, lakini kazi yake iliyo kubwa zaidi haikuwa ya taa, ilikuwa ya kalamu.

Maana katika baridi ile wagonjwa walizidi kufa, ijapokuwa waliuguzwa vema. Mwezi wa Machi 1855 wakaja mabwana wa afya waliotumwa na serikali. Wakasafisha mifereji ya taka iliyopita chini ya jumba, wakatengeneza maji, wakapitisha hewa vyumbani. Vifo vikapungua upesi.

Bibi Nightingale aliporudi kwao mwaka 1856, watu wote walimsifu. Angaliweza kustarehe. Lakini maelfu ya askari walikuwa wamekufa, naye alitaka kujua sababu. Mwenyewe alidhani waliuawa na chakula kibaya, na kwa kuwa walifika wamekwisha dhoofika. Basi akaketi na William Farr, mjuzi wa hesabu za vifo, wakazipanga hesabu za vita mwezi kwa mwezi. Hapo akaona jambo chungu: magonjwa yaliua watu wengi kuliko silaha za adui, na jumba lile la Scutari, alimotaabika usiku na mchana, lilikuwa likiwaua wale aliowauguza.

Hakulificha. Alijua kwamba wakubwa huchoka kusoma safu za tarakimu, kwa hiyo akachora duara zilizogawanyika kwa miezi: buluu ni waliokufa kwa magonjwa yaliyoweza kuzuiliwa, nyekundu ni waliokufa kwa majeraha, nyeusi ni wengineo. Buluu ilifunika karibu kila kitu. Tena akaonyesha kwamba hata katika kambi za Uingereza kwenyewe, wakati wa amani, askari walikufa karibu mara mbili kuliko raia wa umri wao. Mwaka 1858 chama cha wenye elimu ya takwimu kikamkubali, mwanamke wa kwanza kuingia humo.

Tangu hapo aliugua, akafanya kazi zake nyingi kitandani. Alipotaka kujua hali ya kambi za Bara Hindi, asikokwenda kamwe, alipeleka karatasi za maswali katika vituo vya jeshi huko, nayo majibu yakarudi marundo kwa marundo. Akayasoma.

Alikufa mwaka 1910, mwenye miaka 90, akazikwa East Wellow pamoja na wazazi wake.