Joseph-Armand Bombardier na Gari la Theluji

Soma kifungu hiki kwa makini, ukizingatia jinsi viambishi -ki- na -ngali- vinavyobeba maana ya sharti.

Hapa Rumonge theluji hujulikana kwa picha tu. Hata hivyo, tatizo lililomshughulisha Joseph-Armand Bombardier maisha yake yote analifahamu kila kijana asafirishaye mawese kwa baiskeli. Akifunga madumu yote nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi. Nalo likiwa jepesi, halitii usukani.

Bombardier alizaliwa tarehe 16 Aprili 1907 huko Valcourt, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alichukua injini ya gari kuukuu la Ford, akaifunga juu ya chombo cha mbao cha kuteleza juu ya theluji, kisha akatia pangaboi nyuma. Nduguye Léopold alikaa mbele kuongoza, yeye akasimamia injini. Chombo kilikwenda. Baba yao alipoona pangaboi linazunguka wazi, bila kinga yoyote, aliamuru kifumuliwe mara moja. Wala hatuwezi kumlaumu.

Mwaka 1926 alifungua gereji yake. Wakati huo theluji ilikuwa ikizifunga barabara za vijijini kwa miezi kadhaa, watu wakirudia farasi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe mdogo, Yvon, alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, na njia ilikuwa imezibwa. Mtambo ambao baba yake alikuwa akiuunda ulikuwa bado gerejini, haujakamilika. Ungalikuwa tayari, mtoto angalifikishwa kwa daktari. Haukuwa tayari, naye akafa. Mwalimu atakayetafuta mfano wa -ngali- ya jambo lisiloweza kurudi hatapata ulio mzito kuliko huu.

Mwaka uliofuata Bombardier alipata ufumbuzi: gurudumu lenye meno, lililovikwa mpira, linaloendesha mkanda wa mpira na pamba. Hataza yake ilitolewa mwaka 1937. Likafuata gari la B7 lililobeba watu 7, kisha B12 la watu 12, ambalo lilipeleka wagonjwa hospitalini, barua vijijini na watoto shuleni. Kampuni yake aliianzisha mwaka 1942.

Katika magari hayo mkanda wa nyuma husukuma, na skii za mbele huelekeza. Ugumu uko katika kugawa uzito baina ya hivyo viwili. Skii zikigandamizwa kidogo mno, chombo hukataa kukata kona na kuendelea mbele. Zikigandamizwa kupita kiasi, usukani huwa mzito, na penye theluji laini yenye kina skii huzama. Mitambo ya siku hizi ina ukanda mfupi unaoizuia sehemu ya mbele ya mkanda isishuke mno. Fundi akiufupisha, uzito huhamia kwenye skii. Akiurefusha, hurudi nyuma. Akiilegeza springi ya mbele iliyo ndani ya mkanda, skii huzidi kugandamizwa vilevile. Fundi mwangalifu hubadili kitu kimoja tu, akaendesha, ndipo akagusa kingine. Akibadili viwili kwa pamoja, hatajua ni kipi kilicholeta tofauti.

Mwaka 1948 serikali ya Quebec ilianza kuzifagia barabara za vijijini wakati wa baridi, na wanunuzi wa magari yake makubwa wakapungua sana. Aligeukia mashine za kazi za mashambani na misituni, na mwaka 1959 akatoa chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili, kiitwacho Ski-Doo. Alikuwa amewakusudia wamisionari na wawindaji wa kaskazini; walionunua kwa wingi ni watu waliotaka kujifurahisha.

Alifariki kwa saratani tarehe 18 Februari 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Gereji yake ya kwanza ingali Valcourt, imehifadhiwa katika makumbusho yenye jina lake.