Georges Lemaître: Padre Aliyechunguza Chanzo cha Ulimwengu

Georges Lemaître alizaliwa mwaka wa 1894 mjini Charleroi, nchini Ubelgiji. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza, akasomea hisabati, na mwaka wa 1923 akapewa daraja la upadre. Mwaka wa 1927 alichapisha makala iliyodhihirisha kwamba ulimwengu unapanuka. Einstein alizikubali hesabu zake lakini akaikataa maana yake. Lemaître hakutetereka, mwaka wa 1931 alipendekeza kwamba ulimwengu ulitokana na chembe moja ya awali.

Mtihani mwingine ulitoka nyumbani. Mwaka wa 1951, Papa Pius XII alihutubia akiuhusisha mwanzo huo wa ulimwengu na uumbaji wa Mungu. Padre huyu hakufurahi. Kwa maoni yake, nadharia ile haikuthibitisha wala kukanusha kuwepo kwa Mungu. Imani inayoegemea nadharia huanguka nayo siku inapopinduliwa.

Alifariki mwaka wa 1966, muda mfupi baada ya kupashwa habari kwamba mionzi iliyosalia tangu enzi za mwanzo wa ulimwengu imegunduliwa. Msomi anayeshurutishwa kuchagua baina ya maabara na madhabahu ana la kujifunza kwake.