Kijana wa Kiwanda cha Ngozi Aliyeona Maradhi ya Kinu cha Nyuklia

Ukishika barabara ya Magadi ukaipita Kiserian, utafika Oltepesi. Huku Umaasaini, wahunzi wa ukoo wa il-kunono wamefua simi na mikuki tangu jadi. Mhunzi anajua hili: chuma ukikigonga sana kikiwa baridi, kinakuwa kigumu, halafu kinapasuka. Dawa? Kirudishe motoni, kisha kiache kipoe polepole. Kitalainika tena.

Sasa skiza habari za Eugene Wigner, aliyezaliwa Budapest, Hungary, mwaka wa 1902. Babake alisimamia kiwanda cha ngozi, na alitaka kijana amfuate huko. Wigner alipenda fizikia, lakini mzee akamuuliza nafasi za kazi hiyo nchini ni ngapi. Zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja! Basi akasomea uhandisi wa kemia Berlin, akarudi kiwandani. Moyo ukakataa. Akarejea fizikia, na mwaka wa 1930 akaenda Princeton, Marekani.

Mwaka wa 1942, akiwa Chicago na kundi lililobuni vinu vya nyuklia, aliona hatari mapema. Atomu zikipasuka hutoa nyutroni, nazo hugonga atomu nyingine na kuzitoa mahali pake. Alionya kwamba grafaiti iliyo ndani ya kinu itaharibika. Baadaye ikajulikana kuwa chuma nacho huumia: pipa zito linalobeba kiini cha kinu huwa gumu, rahisi kupasuka.

Dawa ni ileile ya mhunzi. Joto huzipa atomu nguvu ya kurudi mahali pake. Mwaka wa 1987, wahandisi wa Urusi walilipasha pipa la kinu kimoja cha Novovoronezh kwa zaidi ya nyuzi 400, kwa siku kadhaa, likaendelea na kazi. Lakini si mchezo. Kule Windscale, Uingereza, mwaka wa 1957, kupasha grafaiti kulizua moto uliomwaga mionzi hewani.

Wigner alituzwa Nobel mwaka wa 1963, akafariki 1995.

Kenya nayo inapanga kinu chake cha kawi ya nyuklia, na wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipinga kijengwe kwao. Kikijengwa popote, nani atakagua chuma chake? Ukiambiwa kazi hiyo haina nafasi hapa, mkumbuke kijana wa kiwanda cha ngozi.