Heinrich Barkhausen, Mjerumani aliyefuata mluzi uliotoka angani

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari jeshi wa Ujerumani walichomeka vyuma viwili ardhini, wakaviunganisha kwa nyaya na mashine ya kukuza sauti ili wanase simu za adui. Mara nyingi walisikia kitu kingine kabisa: mluzi ulioanza juu na kushuka mpaka chini. Mstari wa mbele wengine walidhani ni makombora yanayopita hewani. Kuna nyakati mluzi ulizidi hadi kumsikiliza adui kukashindikana.

Heinrich Barkhausen hakulipuuza jambo hilo. Alizaliwa Bremen tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1881, na tangu 1911 alikuwa profesa mjini Dresden. Mwaka 1919 aliandika kuhusu mluzi huo, akiuhusisha na hali ya anga, ingawa chanzo chenyewe hakukijua. Mwaka huohuo alionyesha kwamba chuma kinapotiwa usumaku hubadilika kwa mishtuko midogo midogo. Hilo ndilo lililompa sifa, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Mluzi ukabaki kando. Aliurudia 1930, bado bila jibu kamili.

Mwezi wa pili 1945, mabomu ya Uingereza na Marekani yaliteketeza Dresden pamoja na taasisi yake. Alikuwa na miaka 63. Baada ya vita alishika kazi ya kuijenga upya.

Jibu lilitoka Cambridge mwaka 1953, tena kwa mwanafunzi, Owen Storey. Radi hutoa mawimbi ya redio, yaleyale yanayofanya redio ya nyumbani ikwaruze wakati wa mvua. Baadhi hupenya juu, hufuata njia ya sumaku ya dunia maelfu ya kilomita, kisha hushukia upande wa pili wa ikweta. Safarini, yenye sauti ya juu hutangulia na ya chini huchelewa. Ndiyo sababu mluzi hushuka. Basi huko juu si patupu: pana chembe nyingi za umeme, kuliko wataalamu walivyodhani.

Barkhausen alifariki Dresden tarehe 20 mwezi wa pili 1956, chombo cha kwanza, Sputnik, kikiwa bado hakijarushwa. Mwaka 1962 satelaiti za Alouette 1 ya Kanada na Injun 3 ya Marekani zilikwenda na vipokezi vya mawimbi hayo, zikausikia mluzi hukohuko juu. Mwaka 1979 Voyager 1 iliunasa karibu na sayari ya Jupita, alama kwamba huko nako radi hupiga.