Bibi de Pompadour na Jumba la Élysée

Kila Jumatano, kwa desturi, mawaziri wa Ufaransa hukutana na Rais wao katika jumba la Élysée, mtaa wa Faubourg Saint-Honoré, mjini Paris. Wengi wetu twalijua kuwa ni Ikulu. Lakini halikujengwa kwa kazi hiyo, na kufika kwake mikononi mwa dola ni habari ya mwanamke ambaye makabaila wa zama zake hawakumpenda hata chembe.

Jumba lilijengwa kati ya mwaka 1718 na 1722 kwa ajili ya kabaila d'Évreux, mtu wa nasaba kubwa na mfuko mwembamba. Alikuwa ameoa binti mdogo wa tajiri Antoine Crozat, na kwa desturi yao mahari ilitoka upande wa mke. Fedha za Crozat ndizo zilizojenga. Nasi hatuwezi kupita hapa bila kusema kwamba sehemu ya utajiri ule ilitokana na kuwauza Waafrika utumwani ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Jeanne Antoinette Poisson alizaliwa Paris mwaka 1721, katika jamaa ya watu wa kawaida. Babake, karani wa mabepari, alituhumiwa kwa udanganyifu wa fedha akakimbilia Ujerumani, mtoto akiwa bado mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 9, mpiga ramli mmoja alimtabiria kuwa atautawala moyo wa mfalme. Yasemwa hakusahau: alipokua na kupata uwezo alimlipa mwanamke yule posho ya kila mwaka.

Mwaka 1741 aliolewa. Mwaka 1745 alialikwa katika karamu ya vinyago huko Versailles, ambako Mfalme Louis wa 15 alitokea amejificha katika vazi la mti. Haukupita muda, binti Poisson akatengana na mumewe, akapewa cheo cha markizi na jina la Pompadour, akahamia katika kasri ya mfalme. Mamwinyi wa Versailles wangaliweza kustahimili kimada wa mfalme, maana walikuwapo wengi kabla yake. Wasiloweza kulimeza ni kwamba huyu hakuwa wa damu yao.

Mwaka 1753, d'Évreux akiwa amekwisha kufa, jumba lake lilinunuliwa kwa ajili ya Bibi de Pompadour. Husimuliwa kwamba watu walitundika langoni maandishi ya matusi juu ya mfalme na kimada wake. Yeye alilitengeneza upya, ingawa hakulikaa sana, kwa kuwa kazi yake ilikuwa Versailles. Mwaka uliofuata alifiwa na Alexandrine, binti yake wa pekee, mwenye umri wa miaka 9.

Mapenzi yake na mfalme yalikuwa yamekwisha kugeuka urafiki, lakini shauri lake lilisikilizwa. Alisaidia kuanzishwa kwa chuo cha kijeshi cha Paris na kiwanda cha vyombo vya kauri cha Sèvres. Vita vya Miaka Saba vilipokwisha mwaka 1763, Ufaransa ikiwa imepoteza Kanada, lawama nyingi alitwikwa yeye. Sisi twaona kuwa hapo alionewa: majemadari walioshindwa hawakuwa wanawake, wala mfalme hakuwa mtoto.

Alikufa kwa maradhi ya kifua tarehe 15 Aprili 1764, akiwa na umri wa miaka 42. Katika wasia wake alimwachia mfalme jumba lile.

Hivyo ndivyo mali ya kabaila ilivyoingia katika milki ya taji. Baadaye iliuzwa na kununuliwa tena; ikatwaliwa wakati wa Mapinduzi; ikawa hata mahali pa kucheza dansi. Napoleon alitia sahihi humo hati ya kuacha ufalme, tarehe 22 Juni 1815. Mwaka 1848 alihamia Rais wa kwanza wa Jamhuri, na sheria ya mwaka 1879 ikathibitisha kuwa ni makao rasmi ya Marais.

Bibi de Pompadour alizikwa Paris, kando ya binti yake, katika nyumba ya watawa Wakapuchini. Nyumba ile ilivunjwa, na mahali pale ikapitishwa barabara ya rue de la Paix, ambayo leo ina maduka ya vito.