Mzee Kenyatta na Ngoma za Lodwar

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1978 ulikuwa wa Ramadhani, na sisi watoto tulikuwa tumeamshwa kula daku. Hatukujua, wala jirani zetu hapa Mombasa hawakujua, kwamba saa zizo hizo, katika Ikulu iliyo ukingoni mwa bahari yetu, Mzee Jomo Kenyatta alikuwa akikata roho. Tulikuja kusikia mchana kwa redio. Mwalimu wetu wa chuoni alifunga msahafu, akatwambia twende majumbani.

Siku ile imenirudia majuzi nilipokuwa Lodwar, huko Turkana. Nilikwenda kwa ajili ya ngoma. Vijana walikuwa wakicheza edonga, ngoma isiyokuwa na ngoma ya kuwambwa: ni sauti, makofi na miguu inayoruka pamoja hata ardhi ikatetema. Mwanamume huinua mikono kuigiza pembe za fahali wake ampendaye, na kumwimbia sifa zake kama sisi tunavyosifu majahazi. Nilipokuwa nikitazama, mzee mmoja akaninyoshea fimbo upande mwingine wa mji, akanambia kuwa Kenyatta aliwekwa huko.

Basi nikaanza kuyapima maisha ya mtu huyu kwa kipimo cha ngoma.

Alizaliwa Ukikuyuni katika miaka ya 1890, akabatizwa Johnstone Kamau mwaka 1914. Mwaka 1928 alikuwa mhariri wa Muigwithania, gazeti la Kikikuyu, na mwaka uliofuata chama chake kikampeleka London kudai ardhi. Naye akiwa huko, kukazuka nyumbani mgogoro na wamisionari juu ya tohara ya wasichana, na vijana wakajibu kwa ngoma iitwayo Muthirigu, iliyowakejeli wamisionari na machifu waziwazi. Serikali iliipiga marufuku mapema mwaka 1930, na watu wakafungwa kwa kosa la kuimba. Sisi watunzi wa mashairi yafaa tuukumbuke mwaka huo.

Alirudi, na mwaka 1931 akaondoka tena. Safari hii alikaa Uingereza miaka 15. Kwa dhiki ya fedha alikubali kuonekana kidogo katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, ambamo ngoma za Waafrika zimefanywa pambo la hadithi ya kuusifu ukoloni. Miaka mitatu baadaye kikatoka kitabu chake Facing Mount Kenya, alichokiandika baada ya kusoma elimu ya mila za watu kwa Profesa Malinowski. Humo ngoma si pambo tena. Kila moja ina msimu wake, rika lake na haki yake, na asiyestahili haingii uwanjani.

Alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa ya Turkana. Kwa kuwa umri ulikuwa umemwendea, walimfanya mpishi wa wafungwa wenziwe. Jioni alimfunza Waruhiu Itote, yule Jenerali China, lugha ya Kiingereza. Aprili 1959 akahamishiwa Lodwar, na mkewe Mama Ngina akamfuata. Alikaa miaka miwili katika joto lile, mbali na mashamba na mvua za kwao, hadi alipopelekwa Maralal mwaka 1961. Nyumbani jina lake lilikuwa likiimbwa. Yeye mwenyewe, mwandishi wa misimu ya ngoma, alikuwa katika nchi ya nyimbo za fahali wa watu wengine.

Alipokuwa Rais aliipenda ngoma mno. Vikundi vilimchezea Gatundu na katika Ikulu zake, na mwaka 1971 serikali yake ikaanzisha Bomas of Kenya, Nairobi. Kundi la huko, Bomas Harambee Dancers, lina wachezaji wa makabila mbalimbali, kila mmoja akijifunza ngoma za mwenziwe. Hilo ni jambo kubwa, nami namsifu kwalo, ingawa sisi wa Pwani tuna hesabu yetu naye juu ya ardhi, ambayo si ya ukurasa huu. Lakini yule aliyeandika kuwa ngoma ina msimu wake ndiye aliyewazoesha watu kuicheza wakati wowote mgeni mkubwa akija, na watoto wakasimama juani wakimngoja.

Kutoka Lodwar nilipanda gari hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Nyuma ya kibanda cha mabati nilimkuta kijana wa Sudan Kusini akiwamba ngozi juu ya debe. Kwa Kiswahili chake cha kambini alinambia kuwa alizaliwa hapo hapo, hajaiona nchi ya babake, na ngoma hiyo amefunzwa na mjomba wake. Hakuwa akingoja mgeni yeyote. Alinipisha debe, akataka nimsikizishe ngoma ya kwetu. Nikajaribu chakacha kwa viganja, mimi niliyeandika juu ya ngoma za Pwani miaka mingi, na kabla sijafika mbali mkono ukapotea. Kijana akacheka, akanitaka nianze upya.