Olivier Messiaen, Mfungwa Aliyetunga Muziki

Olivier Messiaen alizaliwa katika mji wa Avignon, Ufaransa, mwaka 1908. Alipenda sana muziki na sauti za ndege. Mwaka 1931 akawa mpiga kinanda wa kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Paris.

Vita ilipoanza mwaka 1939, aliitwa jeshini. Macho yake yalikuwa dhaifu, basi akawekwa kuwatunza wagonjwa. Mwaka 1940 Wajerumani walimkamata. Waliofungwa pamoja naye ni Henri Akoka, mpiga klarineti, na Etienne Pasquier, mpiga selo, yaani zeze kubwa. Wakiwa bado uwanjani karibu na Nancy, Messiaen alimwonyesha Akoka muziki wa klarineti peke yake. Pasquier alishika karatasi, Akoka akapiga. Akanung'unika kwamba ni mgumu mno. Messiaen akamtia moyo.

Kisha wote watatu walipelekwa Ujerumani, katika kambi ya Görlitz. Huko baridi ilikuwa kali, na chakula kilikuwa kidogo. Mlinzi mmoja, Carl-Albert Brüll, akamhurumia Messiaen, akampa karatasi na penseli. Wafungwa walichanga fedha, na Pasquier akaenda mjini pamoja na walinzi kununua selo. Mfungwa mwingine, Jean Le Boulaire, alipiga violini. Messiaen mwenyewe alipata piano mbovu.

Hakungoja vyombo vizuri zaidi. Aliandika kwa ajili ya vile vinne vilivyokuwapo. Aliwaza juu ya malaika wa Kitabu cha Ufunuo, anayetangaza kwamba wakati hautakuwapo tena. Akatunga muziki wenye sehemu 8, na ndani yake ndege wanasikika wakiimba.

Tarehe 15 Januari 1941 muziki huo ulipigwa katika kibanda cha kambi. Nje kulikuwa na theluji. Wafungwa na walinzi wao walikaa pamoja, wakasikiliza kwa utulivu.

Mwaka ule ule Messiaen alifunguliwa, akarudi Paris kufundisha. Akoka alizuiwa kwa sababu alikuwa Myahudi. Lakini siku moja aliruka kutoka gari la moshi lililokuwa likienda, klarineti kwapani, akaokoka.

Messiaen aliendelea kupiga kinanda katika kanisa lile lile mpaka alipokufa mwaka 1992. Muziki wa Görlitz hupigwa katika nchi nyingi, na hata leo kwa vyombo vile vinne vya wafungwa.